Nani aliyeandika .bashrc yangu?

Mwezi uliopita nilinunua laptopu nyingine, ya mkono wa pili kama kawaida yangu, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kufungua barua pepe, ni kunakili faili moja kutoka kwenye ile ya zamani. Faili hiyo inaitwa .bashrc. Ina mistari 212. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akauliza: "Mkubwa, hiyo rc ya mwishoni ina maana gani?"

Nimeandika herufi hizo mbili kwa karibu miaka ishirini. Nikafungua mdomo kumjibu, nikaufunga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia upande huu wa kompyuta, nieleze kidogo. Mtu anayetumia kompyuta kwa kuandika amri badala ya kubofya vijipicha huwa anaiandikia programu iitwayo sheli. Terminali ni dirisha tu. Sheli ndiye karani aliyekaa nyuma ya dirisha hilo, anayesoma ulichoandika, akaitafuta programu unayoitaka, akaiita, na kukuletea majibu. Faili ya .bashrc ni maagizo unayomwachia karani huyo: nikisema hivi, wewe fanya vile, nikiingia, nipambie dirisha kwa rangi hii, nikisahau, nikumbushe. Kila mtu ana ya kwake. Ukiiona ya mwenzako ni kama kuingia jikoni mwake na kuona chumvi anaiweka wapi.

Swali la yule kijana lilinirudisha kwenye kisa ambacho sijawahi kukiandika hapa kwa sababu kinanitia aibu. Mwaka 2010 nilikuwa natunza tovuti ya mteja mmoja mwenye duka la vipuri vya magari huko Kirinyaga Road. Katika mashine yangu nilikuwa nimeweka mstari huu, nilioudokoa kwenye somo fulani la mtandaoni:

alias rm='rm -i'

Amri ya rm hufuta faili, na haina pipa la taka, kilichofutwa kimefutwa. Hiyo -i inailazimisha iulize kwanza kabla ya kufuta kila faili. Ni ulinzi mzuri. Shida ni kwamba niliuzoea vibaya. Nikawa naandika rm * ndani ya folda yoyote ile, kinyota kikiwa na maana ya "kila kitu kilichomo", kisha nakaa nikijibu maswali, hii ndiyo, ile hapana, kama mama anayechambua mchele kwenye ungo. Kifutio nilikuwa nimekigeuza kuwa chekeche. Siku moja nikaingia kwenye seva ya yule mteja, nikafika folda ya picha za bidhaa, nikaandika rm * na kungoja swali la kwanza. Swali halikuja. Seva ile haikunijua mimi wala mazoea yangu. Picha za pistoni, beringi, bushi na taa za nyuma ziliondoka zote kwa muda mfupi kuliko wa kumeza mate. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma (na aliyepaswa kuipanga ni mimi), na katika wiki hizo tatu zilikuwa zimeongezwa picha zaidi ya mia tatu. Nilikwenda Kirinyaga Road Jumamosi mbili mfululizo na kamera ya kuazima, nikavipiga picha vipuri kimoja kimoja bila malipo, mwenye duka akiwa amekaa kwenye stuli yake haniongeleshi.

Kwa hiyo rc kwangu si swali la kupitisha muda. Nilitaka kujua mazoea haya yaliyomo vidoleni mwangu yalitoka wapi, na nani aliyeyaanzisha. Nimesoma sana tangu hapo, na leo nawaletea nilichokipata.

Twendeni Cambridge, Massachusetts, kwenye chuo cha MIT, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta wakati huo ilikuwa ya kujaza chumba, na desturi ilikuwa kuikabidhi bunda la kadi za matundu, uende zako, urudi baadaye kuchukua majibu. Ukikosea herufi moja, umepoteza siku. Mwezi Novemba 1961 kikundi kilichoongozwa na Fernando Corbató kilionyesha mfumo wa kugawana muda, CTSS, ambamo watu kadhaa waliweza kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja ameketi mbele ya taipu yake. Mara tu mtu alipoweza kuandika amri na kujibiwa papo hapo, ukazaliwa ugonjwa mpya ambao hata leo hauna dawa kamili: kuchoka kuandika amri zile zile kila siku.

Mmoja wa waliochoka alikuwa Mfaransa, Louis Pouzin, aliyekuwa akifanya kazi na kikundi hicho. Aliona kwamba amri zinapaswa kuwa kama matofali: ukishakuwa nazo, ujengee nyingine. Karibu mwaka 1963 na 1964 akaandika programu aliyoiita RUNCOM. Kazi yake ilikuwa kusoma faili yenye amri zilizopangwa kwa mstari, na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, huku ikichomeka majina uliyoipa mahali ulipoacha nafasi. Pouzin mwenyewe amesimulia kwamba ilipendwa mara moja, kwa sababu mtu aliweza kuondoka jioni kwenda nyumbani na kuacha faili ndefu ya amri ikijiendesha usiku kucha. Faili hizo zenyewe zikaitwa runcom, yaani endesha amri.

Herufi ya kwanza ya run, na herufi ya kwanza ya com. Ndiyo hiyo rc, kijana wangu. Kila mara unapofungua .bashrc au .vimrc unaliandika jina la programu ya Mfaransa mmoja iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta za IBM ambazo leo utazikuta kwenye makumbusho.

Lakini Pouzin hakuishia hapo. MIT ilipoanza kupanga mfumo mkubwa zaidi, Multics, ikishirikiana na General Electric na maabara za Bell, yeye aliandika mwaka 1965 waraka unaoeleza jinsi kazi hii ya kupokea na kuunganisha amri inavyopaswa kufanywa, na humo akaipa jina: shell. Gamba, kama la konokono au kobe. Mwaka huo huo akarudi Ufaransa, na sheli ya kwanza ya Multics ikaandikwa na Glenda Schroeder, mfanyakazi wa MIT, akisaidiwa na mtu wa General Electric. (Jina la mama huyu halitajwi mara nyingi katika simulizi hizi. Mimi nimelijua juzi juzi tu.) Pouzin huko kwao akaenda kujenga mtandao wa CYCLADES, ambao mawazo yake yaliwafaa walioijenga intaneti, na mwaka 2013 alitunukiwa tuzo ya uhandisi ya Malkia Elizabeth pamoja na akina Vint Cerf na Tim Berners-Lee. Kwa hiyo mtu yule yule ana mkono katika mtandao unaousomea hapa na katika faili niliyoinakili mwezi uliopita.

Jina gamba linafaa kuliko linavyoonekana. Karani wetu yuko nje ya mwili wa mfumo. Yeye si kiini. Ni programu kama programu nyingine. Maabara za Bell zilipojitoa kwenye Multics mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kutengeneza mfumo wao mdogo, Unix, na wazo hilo wakaondoka nalo. Katika Unix, ukiingia kwa jina lako na nywila yako, mfumo huangalia mstari wako katika faili ya /etc/passwd na kuanzisha programu iliyotajwa mwishoni mwake. Basi. Hauulizi ni programu gani. Ukitaja pale mchezo wa drafti, utaingia na kukuta drafti. Sheli ya kwanza ya Unix aliiandika Thompson mwenyewe, lakini asiyeipenda alikuwa huru kuandika ya kwake na kuiweka mahali hapo bila kuomba ruhusa ya mtu. Nadhani hapo ndipo kila kitu kilipoamuliwa. Kama karani angekuwa ndani ya kiini, mazoea yangu yangekuwa ni yale tu aliyonipangia mtengenezaji.

Na kwa nini amri ni fupi hivyo: ls, cp, mv, rm? Waliozitunga walikuwa wakiandikia mashine za teletaipu, hasa ile Teletype Model 33, iliyochapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde, kwa kelele, na yenye vitufe vigumu vya kukanyagwa na kidole kwa nguvu. Kila herufi ilikuwa gharama. Mtu wa leo anacheka, mimi sicheki. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na nje yalipitia setelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye seva iliyoko Marekani, herufi niliyoibonyeza ilipanda, ikashuka, ikafika, na jibu lake likapanda tena na kushuka, ndipo nikaiona kwenye kioo changu. Zaidi ya nusu sekunde kwa kila herufi. Unaandika neno zima ukiwa gizani, unaegemea kiti, ndipo linajitokeza herufi moja moja kama mtu anayekumbuka. Katika saiba, ambapo nililipa shilingi moja kwa dakika, amri ya herufi mbili ilikuwa ni akiba ya pesa. Wale wazee wa Bell na mimi wa River Road tulikuwa na shida moja.

Sasa, ile nukta. Faili yangu inaanza kwa nukta, na katika Unix faili inayoanza kwa nukta haionekani ukiorodhesha folda. Nilidhani ni jambo lililofikiriwa sana. Kumbe! Rob Pike, aliyekuwa Bell pamoja nao, alisimulia mwaka 2012 ilivyokuwa. Zamani sana ziliongezwa katika kila folda alama mbili: nukta moja yenye maana ya "folda hii", na nukta mbili zenye maana ya "folda iliyo juu yake". Zilikuwa zikijitokeza kila mara mtu akiorodhesha faili kwa ls, zikawa kero. Basi mtu (Thompson au Ritchie) akaongeza kipimo kidogo katika ls: kama jina linaanza kwa nukta, liruke. Alitaka kuficha alama hizo mbili tu, lakini aliangalia herufi ya kwanza peke yake badala ya jina zima, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Tokeo lake, jina lolote lenye nukta mbele likafichika. Waandishi wa programu waliofuata wakaona hapo pana stoo ya bure ya kutupia mipangilio yao bila kumuudhi mtumiaji. Pike haisifu hali hiyo hata kidogo. Kwake ni mfano wa njia ya mkato iliyozaa fujo, kila programu ikiacha vitu vyake nyumbani mwako na wewe huvioni. Nimehesabu katika laptopu yangu ya zamani: faili na folda 61 zinazoanza kwa nukta. Theluthi moja ni za programu nilizokwisha kuziondoa.

Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilitoka na sheli mpya ya Stephen Bourne. Huyu alikuwa shabiki wa lugha ya ALGOL 68, na ndiyo sababu mpaka leo tunafunga if kwa fi na case kwa esac, maneno yaliyogeuzwa nyuma mbele. Toleo hilo ndilo lililotuletea vigeu vya mazingira kama HOME na PATH, ambavyo mtu huvipanga mara moja na kila programu atakayoianzisha ikavirithi. Na lilituletea faili ya .profile, inayosomwa mara moja tu, pale unapoingia. Pia PS1, kigeu kinachosema karani akuonyeshe nini anapokungoja uandike. Kwa Bourne kilikuwa alama ya dola na nafasi moja. Watu wa leo wanajaza humo saa, hali ya betri na vikatuni.

Wakati huo huo upande wa pili wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mwanafunzi wa uzamili aitwaye Bill Joy alikuwa ameandika sheli yake mwenyewe, csh, iliyoanza kusambazwa katika Unix ya Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970. Kama programu, csh ina kasoro nyingi, na sitamshauri mtu kuandikia skripti zake humo. Lakini kama ni kuzungumzia starehe ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta saa kumi kwa siku, Joy ndiye baba yetu. Karani wake alikuwa na kumbukumbu: unaandika alama mbili za mshangao, naye anarudia amri yako iliyopita. Alikubali lakabu, yaani umpe neno lako mwenyewe na umwambie linasimamia amri gani. Neno alias katika mstari ulioniponza linatokana na csh. Alikuwa na faili yake ya maagizo, .cshrc, na hapo rc ya Pouzin ikapata kuingia katika nyumba ya kila mtumiaji.

Na ile alama ya kiwimbi, ~, yenye maana ya folda yako ya nyumbani? Joy alikuwa akitumia terminali ya Lear Siegler ADM-3A, mashine ya bei nafuu kwa wakati wake iliyotoka mwaka 1976. Katika kibodi yake, kitufe chenye kiwimbi kilikuwa pia kimeandikwa HOME. Ni hivyo tu. Mishale nayo ilikuwa imechorwa juu ya H, J, K na L, na ndiyo sababu kihariri chake, vi, kinakuamuru usogee kwa herufi hizo. ADM-3A zimekwisha kuwa chuma chakavu zamani, lakini mtu anayejifunza Linux leo huko Eldoret anafundishwa kwamba kiwimbi ni nyumbani, bila kuambiwa kwamba ni kwa sababu ya plastiki ya kitufe fulani.

Hapa nigusie jambo linalowasumbua wanaoanza: kwa nini bash ina .bash_profile na tena .bashrc, na kwa nini ukiandika lakabu katika ile ya kwanza wakati mwingine haifanyi kazi? Ni ukoo uliochanganyika. Vigeu vya mazingira hurithiwa, kwa hiyo Bourne alitosheka na faili moja ya kusomwa wakati wa kuingia. Lakabu hazirithiwi, zinakaa ndani ya kichwa cha karani mmoja na kufa naye. Kwa hiyo csh ilihitaji faili ya kusomwa kila karani mpya anapoanza, pamoja na .login ya kusomwa mara moja. Bash ilipokuja ikaoa kote kuwili. Mimi huweka kila kitu katika .bashrc, na katika .bash_profile naandika mstari mmoja wa kuiita. Nimefanya hivyo miaka yote na sijapata ugomvi.

Bash yenyewe ilianzwa na Brian Fox mwaka 1988 kwa ajili ya mradi wa GNU, uliotaka sheli huria isiyo na mwenye kuidai, na ikatoka kwa mara ya kwanza Juni 1989. Wakati huo watu walikuwa wameshaonja pia sheli ya David Korn, ksh ya 1983, iliyokuruhusu kurudi nyuma na kusahihisha amri kabla ya kuituma, na tcsh, iliyokumalizia jina la faili. Bash ilichota kwa wote. Linus Torvalds alipotangaza mwezi Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo wake mdogo, alitaja programu mbili alizokwisha kuziendesha humo: gcc na bash. Kwa hiyo Linux na bash wametembea pamoja tangu siku za kwanza, na kwa miaka mingi sasa anayeitunza ni Chet Ramey.

Mimi nilikutana nayo mwaka 2006. Ubuntu walikuwa wakituma diski za CD bure popote duniani (huduma hiyo ilikoma mwaka 2011), nami nikaagiza kwa sanduku la posta la mjomba wangu. Bahasha ilipofika, mjomba alidhani nimeanza kucheza bahati nasibu. Niliiweka kwenye kompyuta ya mezani yenye kumbukumbu ya megabaiti 256, na siku niliyojua kwamba naweza kumfundisha karani maneno yangu mwenyewe sikulala. Nilimwandikia Kiswahili:

alias orodha='ls -l'
alias nenda='cd'
alias kwaheri='exit'

Rafiki zangu walikuja kuona kompyuta inayosikia Kiswahili. Kwa wiki nzima niliandika nenda na orodha kwa fahari, kisha nikarudi kwenye cd na ls, kwa sababu ni fupi na kwa sababu kwenye kompyuta za chuo nenda haikueleweka. Kwaheri peke yake ilibaki. Naitumia mpaka leo.

Zsh nitaipitia haraka. Iliandikwa na Paul Falstad, mwanafunzi wa Princeton, mwaka 1990, na jina lake lilitokana na jina la kuingilia la Zhong Shao, aliyekuwa mwalimu msaidizi hapo chuoni. Mwaka 2009 Robby Russell akatoa Oh My Zsh, mkusanyiko wa mipangilio aliyoianzisha kwa ajili ya wenzake kazini, na mwaka 2019 Apple wakaifanya zsh kuwa sheli ya akaunti mpya katika Mac zao. Bash walikuwa wameiacha kwenye toleo la 3.2 la mwaka 2006, kwa kuwa matoleo yaliyofuata yalikuja na leseni ya GPL ya tatu. Sina ugomvi na zsh. Kinachonikera ni vijana wanaoweka mkusanyiko mzima wa mipangilio siku ya kwanza, lakabu zaidi ya mia walizotunga watu wengine, kisha wananiambia terminali inachelewa kufunguka. Ukimuuliza lakabu ya gst ni ya nini, hajui. Imekuja na mzigo.

Maana mazoea ya mtu mwingine huja na madeni yake. Septemba 2014 Mfaransa mwingine, Stéphane Chazelas, aligundua kasoro katika bash iliyokuja kuitwa Shellshock. Bash ilikuwa na kistarehe kimoja: ukitunga kitenzi chako, yaani amri ndogo uliyoiandika mwenyewe, unaweza kumrithisha karani mtoto kupitia vigeu vya mazingira. Wachache sana walikitumia. Lakini bash, ilipokuwa ikisoma maelezo hayo, haikuishia yalipoishia. Ilitekeleza pia chochote kilichobandikwa baada yake. Na seva nyingi za tovuti zilikuwa zikichukua maneno yaliyotumwa na mgeni asiyejulikana na kuyaweka moja kwa moja katika vigeu vya mazingira. Mgeni huyo aliweza kukaa kwake na kuiamuru seva yako. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 1989. Miaka 25! Usiku ule nilikesha nikitia viraka seva saba, na sikumbuki kama katika maisha yangu niliwahi hata mara moja kurithisha kitenzi.

Nirudi kwa vipuri vya magari. Baada ya Jumamosi ile ya pili, mwenye duka alinunua soda mbili, akanipa moja, tukaendelea kufanya kazi mpaka alipostaafu. Nami nilipofika nyumbani nilifungua .bashrc na kuufuta ule mstari wa kwanza. Kosa lake halikuwa kuuliza. Lilikuwa ni kuvaa jina la mwingine: niliita kitu kipole kwa jina la kitu kikali, vidole vikazoea jina, na jina likanifuata mahali ambapo upole haupo. Kwa hiyo nikaandika:

alias futa='rm -i'

Rm nikaiacha kama Thompson alivyoiacha, na kila ninapoandika herufi zake mbili mkono unanitetemeka kidogo, kama inavyopaswa. Katika mashine yangu naandika futa, nikachambua mchele wangu. Nikiandika futa kwenye seva ya mtu nisiyemjua, inanijibu kwamba amri hiyo haipo, na faili zote zinabaki mahali pake. Imekwisha kunitokea mara nyingi, ya mwisho ikiwa mwezi Machi.

Yule kijana nilimweleza haya yote, na chai yake ikapoa. Aliniomba nimpe faili yangu. Nilikataa, nikampa mistari miwili tu, futa na kwaheri, nyingine aandike mwenyewe akishajua anachoka na nini. Jana nimeona ameshafika mistari tisa. Mmoja wake siuelewi, nami sijamuuliza.